Siku moja Charleston kwa wawili: anzieni gatini

Charleston, mji wa bandari wa jimbo la South Carolina kusini mwa Marekani, husifiwa sana kwa uzuri wake. Watu huenda kupiga picha za harusi mbele ya nyumba za rangi, kupanda magari ya farasi, kula kamba na kutembea kando ya maji jioni wameshikana mikono. Hayo yote yapo, na yanapendeza kweli. Ila utajiri uliojenga nyumba zile ulitokana kwa sehemu kubwa na mpunga, na mpunga ule ulilimwa na Waafrika walioshushwa melini hapo hapo mjini, mahali ambapo leo mnaweza kufika kwa miguu kutoka kwenye nyumba hizo. Kwa hiyo kila wanandoa wanaponiuliza, jibu langu ni hili: anzeni siku yenu gatini, ndipo mwende kwenye nyumba. Mkifanya kinyume, mtafika gatini jioni mkiwa hoi, na mji mtakuwa mmeshaupita bila kujua mlichokuwa mnakitazama.

Mwongozo huu ni wa watu wanaotoka asubuhi na kurudi usiku. Columbia ni kama saa mbili kwa gari, Savannah hivyo hivyo, Charlotte saa tatu na nusu. Atlanta ni saa tano kwenda peke yake. Wa huko afadhali walale.

Hatua ya 1: Chagueni siku, kisha mwangalie maji

Siku nzuri ni Jumamosi au katikati ya wiki. Jumatatu makumbusho makubwa ya gatini hufungwa, na Jumapili yale madogo ya mnada wa watumwa hufungwa. Thibitisheni kwenye tovuti zao kabla ya kulipia, maana ratiba za sikukuu hubadilika.

Miezi mizuri ni Machi na Aprili, maua yakiwa yamechanua, au Oktoba na Novemba. Kuanzia Juni hadi Agosti unyevu ni mkali mno, jasho halikauki mwilini, na mvua za radi hupiga alasiri bila taarifa. Msimu wa vimbunga ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba. Mji huu bado unakumbuka kimbunga Hugo cha Septemba 1989, kwa hiyo mkiona onyo la hali ya hewa msibishane nalo, ahirisheni.

Kwa kawaida mwishoni mwa Septemba na mapema Oktoba hufanyika tamasha la sanaa za Waafrika Wamarekani na Wakaribi liitwalo MOJA, jina lililotoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe. Mkiweza kwenda wakati huo, nendeni.

Sasa suala la maji, ambalo wageni wengi hawaliulizi. Charleston imekaa kwenye rasi ya chini kati ya mito miwili, Ashley na Cooper, na baadhi ya mitaa yake imejengwa juu ya vijito vilivyofukiwa. Market Street, mtaa wa soko, ni mmojawapo. Bamvua kubwa ikija, hasa miezi ya vuli, maji ya chumvi hupanda kupitia mifereji na kujaa barabarani hata kama jua linawaka na hakuna tone la mvua. Tafuteni jedwali la maji kujaa na kupwa la bandari ya Charleston. Likionyesha kwamba maji yatazidi futi 7, jueni kuna mitaa itakayopitika kwa taabu kwa saa kadhaa. Epukeni kuegesha gari sehemu za chini, na viatu viwe vya kulowa.

Hatua ya 2: Patanani kabla hamjatoka nyumbani

Siku moja haitoshi kuona kila kitu, na hapo ndipo ugomvi wa barabarani unapozaliwa. Kila mmoja ataje kitu kimoja tu ambacho akikikosa atanung'unika. Viwili hivyo vinaingia kwenye ratiba kwanza, vingine ni nyongeza.

Mimi ningeacha mambo matatu. La kwanza ni feri ya Fort Sumter, ngome iliyo mdomoni mwa bandari ambako mizinga ya kwanza ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kati ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kulinda utumwa na yale ya Kaskazini, ililia alfajiri ya 12 Aprili 1861. Ni mahali pazito, lakini kwenda na kurudi hula zaidi ya saa mbili, na ngome yenyewe mtaiona kwa mbali mkiwa mjini. La pili ni mashamba makubwa ya nje ya mji. Kila moja linataka nusu siku. La tatu ni gari la farasi: njia mtakayopitishwa hupangwa kwa bahati nasibu kabla gari halijaondoka, hivyo hamchagui mnachokiona. Miguu yenu itawafikisha mnakotaka.

Nunueni mapema tiketi za International African American Museum, makumbusho ya gatini, kwa sababu huuzwa kwa saa maalumu. Chukueni ile ya saa nne asubuhi, wanapofungua. Bebeni maji, kofia, dawa ya mbu, na viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Njia za mji wa kale zina matofali yaliyonyanyuliwa na mizizi na mawe ya mviringo yasiyo na huruma kwa visigino virefu. Kama mama anataka picha za gauni na viatu vizuri, vibebwe mkobani.

Hatua ya 3: Gari likae, miguu ifanye kazi

Kutoka Charlotte mtashika barabara ya I-77 hadi Columbia, kisha I-26 inayowashusha mpaka mjini. Ondokeni saa kumi na mbili kamili asubuhi. Wekeni gari kwenye jengo la maegesho lililo jirani na kituo cha wageni cha Meeting Street, mliache huko mchana kutwa. Maegesho ya kando ya barabara upande wa kusini ni machache na yana masharti mengi, na mitaa mingi ni ya mwelekeo mmoja. Mabasi madogo ya DASH yanazunguka katikati ya mji bila nauli; mtayahitaji jioni mkichoka.

Kutoka hapo shukeni Meeting Street hadi Calhoun Street, mgeuke kushoto kuelekea mashariki. Mtalikuta kanisa jeupe lenye mnara mrefu: Mother Emanuel, la waumini wa AME, dhehebu la Kimethodisti lililoanzishwa na Wamarekani weusi. Jengo la sasa ni la 1891, lakini usharika wake ulianza katika miaka ya 1810, na mmoja wa watu wake alikuwa Denmark Vesey, fundi seremala aliyejinunulia uhuru kwa pesa za bahati nasibu, kisha mwaka 1822 akashtakiwa kwa kupanga maasi makubwa ya watumwa. Alinyongwa Julai mwaka huo. Usiku wa 17 Juni 2015 waumini 9 waliuawa kwa risasi humo ndani wakiwa kwenye mafunzo ya Biblia, mmoja wao akiwa mchungaji wao Clementa Pinckney. Hapa si mahali pa kupiga picha za kujionyesha. Simameni, someni majina, ombeni kama mna desturi ya kuomba, kisha endeleeni.

Hatua ya 4: Gatini

Calhoun Street inaishia majini, na hapo pembeni ndipo lilipokuwa gati la Gadsden. Kaeni hapa saa mbili hadi tatu.

Kabla ya kuingia, eleweni kilichotokea. Charleston ilianzishwa na Waingereza mwaka 1670, na kufikia 1708 watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe katika koloni la Carolina. Inakadiriwa kwamba karibu asilimia 40 ya Waafrika wote walioletwa utumwani katika nchi ambayo leo ni Marekani waliingilia bandari hii. Sheria ya Marekani ilikuja kukataza uingizaji wa watumwa kuanzia 1 Januari 1808, na wafanyabiashara wa hapa waliiona tarehe hiyo ikija. Wakaharakisha. Jimbo lilifungua tena biashara hiyo mwishoni mwa 1803, na katika miaka minne iliyofuata waliingizwa watu wapatao 40,000. Mwaka 1806 mji uliagiza meli zote za watumwa zishushie gati moja tu. Ni hili mlilosimama.

Makumbusho yalifunguliwa Juni 2023. Jengo lenyewe limeinuliwa futi 13 kutoka ardhini juu ya nguzo 18, ili ardhi ile isikaliwe na kitu. Pitieni chini yake kwanza, msikimbilie ngazi. Kwenye sakafu ya nje, upande wa bandari, kuna bwawa la kina kifupi. Ndani yake yamechorwa maumbo ya miili ya watu iliyolazwa ubavu kwa ubavu, kichwa kwa miguu, kama walivyopangwa ndani ya meli. Maji huyafunika, kisha hupungua na maumbo yanajitokeza, kisha yanafunikwa tena. Simameni mpaka muone mzunguko mzima. Karibu na hapo kuna kuta za jiwe jeusi lililong'arishwa na sanamu za watu waliopiga magoti katikati yake. Mkipita kati mtajiona wenyewe ukutani pamoja nao.

Ndani, msijaribu kusoma kila bango. Chagueni kumbi tatu. Wa kwanza uwe ule wa mpunga na ujuzi wa kuulima, maana hapo mtaelewa kwamba watu wa pwani ya Afrika Magharibi hawakuletwa kwa ajili ya nguvu za mikono yao pekee. Walijua kuongoza maji ya kujaa na kupwa kwenye majaruba, elimu ambayo mabwana wao hawakuwa nayo. Wa pili uwe wa Wagullah Geechee, watu wa visiwa na pwani hii waliotunza lugha, nyimbo, mapishi na ususi wao. Kuna nyumba ndogo ya maombi humo ambayo mtu anaweza kuingia na kuketi. Wa tatu ni kituo cha historia za familia, hasa kama mmoja wenu ni Mmarekani mweusi. Nimewaona watu wazima wakilia pale mbele ya jina moja lililoandikwa kwenye orodha ya mali.

Ndugu zetu Wakongomani wanaoishi Carolina watakutana na jambo linalowahusu moja kwa moja. Katika karne ya 18 wengi walioletwa hapa walitoka Kongo na Angola, na maasi ya Stono, yaliyozuka 9 Septemba 1739 kusini-magharibi mwa mji, yanaaminika yaliongozwa na watu wa ufalme wa Kongo.

Mkitoka, kaeni kwenye viti vinavyotazama bandari. Mimi na mume wangu tuna desturi ya kutosema chochote hapo mpaka mmoja wetu awe tayari, na nawashauri nanyi mfanye hivyo. Mmoja huwa anamaliza kabla ya mwenzake, amsubiri. Meli za makontena hupita mbele yenu kwenda kwenye gati za leo, kubwa na karibu kiasi cha kusoma majina yake. Mlango wa bandari hii ulichimbwa hadi futi 52 mwaka 2022, ukawa wakati huo wenye kina kirefu kuliko yote ya pwani ya mashariki ya Marekani.

Hatua ya 5: Geti la mioyo na vikapu vya sokoni

Shukeni kusini kwa Anson Street. Namba 91 kuna kanisa dogo la St. John's lenye bustani na geti la chuma lililofinyangwa kwa umbo la mioyo. Ni kazi ya Philip Simmons, mhunzi mweusi aliyezaliwa 1912 na kufariki 2009, aliyejifunza ufundi kwa mzee aliyezaliwa utumwani, akatengeneza zaidi ya kazi 500 za chuma ambazo mageti yake yamejaa mji mzima. Kama mnataka picha moja ya mapenzi kwa siku nzima, ipigeni hapa. Tangu hapo mtaanza kuyaona mageti kila kona.

Dakika chache mbele ni City Market, mabanda marefu yaliyojipanga kutoka Meeting Street kuelekea majini. Wengi huamini watu waliuzwa humu. Hapana: hili lilikuwa soko la nyama, samaki na mboga, na wauzaji wengi walikuwa wanawake weusi. Minada ya watu ilikuwa kwingine, nanyi mtapapita baadaye.

Bidhaa nyingi za humo ni za kawaida tu, pitieni haraka. Kilichowaleta ni vikapu. Kina mama wa Kigullah huketi kwenye viti vyao wakishona mbele ya macho yenu: fungu la nyasi laini za pwani zenye harufu ya majani makavu huzungushwa kama kata, na kila mzunguko hufungwa kwenye ule wa chini kwa ukanda mwembamba wa jani la mti wa jamii ya mnazi. Kifaa cha kutobolea mara nyingi ni mpini wa kijiko uliosagwa ukawa bapa. Majani ya msonobari huongezwa ili kutia mistari ya kahawia. Ombeni mwonyeshwe kikapu kipana kisicho na kimo: ni ungo. Kilitumika kupepeta mpunga mashambani, na mkono wa mtu aliyekulia kijijini kwetu utajua jinsi ya kukishika kabla hajaambiwa.

Bei itawashtua. Kidogo cha kuwekea funguo kinaweza kuwa makumi ya dola, kikubwa ni mamia. Msipige bei kama mpo Kariakoo. Kikapu kimoja huchukua siku, vikubwa wiki kadhaa, na nyasi zenyewe zinazidi kuwa adimu kwa sababu ya ujenzi wa pwani. Msalimieni mama kwanza, muulizeni alifundishwa na nani, na kamera isitoke mpaka aseme ndiyo. Kama pesa hazitoshi, nunueni ua dogo la jani lililosokotwa, au msinunue. Kuliko kununua cha kuiga kwenye duka la pembeni, bora mrudi mikono mitupu.

Hatua ya 6: Chakula, na swali la nguruwe

Chakula cha hapa kitawafanya mtazamane mezani. Kuna supu ya bamia. Kuna wali wa kunde, unaoitwa Hoppin' John. Kuna wali mwekundu wa nyanya, kuna sukuma wiki iliyopikwa muda mrefu, kuna kamba juu ya uji mzito wa mahindi, kuna kaa wa kila namna, na kuna biskuti nyembamba za ufuta ambazo huuzwa pale pale sokoni. Bamia, kunde na ufuta vilivuka bahari pamoja na watu.

Ulizeni swali moja kabla ya kuagiza, hata kama mnaona kimeandikwa mboga tupu: kuna nyama ya nguruwe ndani? Upishi wa Kusini huiweka karibu kila mahali kwa ajili ya ladha. Sukuma wiki huchemshwa na mguu wake, kunde hivyo hivyo, wali mwekundu hukaangiwa na vipande vyake vilivyokaushwa, na uji wa kamba hunyunyiziwa juu. Kwa Waislamu na Wasabato hili si jambo dogo. Samaki wa kukaanga ni salama zaidi, ila ulizeni kuhusu mafuta.

Migahawa ya karibu na soko ni ya bei juu. Mkitaka mapishi ya wenyeji, tokeni gatini mwende kaskazini kabla ya kushuka sokoni, mtaa wa Eastside, Blake Street, ulipo mgahawa wa familia wa Hannibal's Kitchen unaojulikana kwa wali wa kaa. Pigeni simu kwanza mjue kama wamefungua. Bakshishi ya asilimia 18 hadi 20 ni kawaida, na chai baridi ya huku ina sukari nyingi. Mwenye kisukari aagize isiyo na kitu.

Hatua ya 7: Sasa nyumba

Kutoka sokoni kateni Chalmers Street, mtaa wa mawe ya mviringo. Namba 6 ni Old Slave Mart. Mwaka 1856 mji ulikataza kuuza watu barabarani, si kwa huruma. Wauzaji wakahamia kwenye majengo ya ndani, na hili ni mojawapo. Leo ni makumbusho madogo, dakika 40 zinatosha.

Mkitokea East Bay Street mwelekee kusini, mtaanza kuona mji kwa jicho jingine. Nyumba nyingi ni nyembamba, chumba kimoja tu upande wa barabara, halafu zinarudi nyuma kwa urefu, na ubavuni kuna baraza ndefu ya ghorofa mbili iliyoelekezwa kupata upepo wa bahari. Mlango wa barabarani haukuingizi ndani ya nyumba, unafungua baraza. Mara nyingi dari ya baraza imepakwa buluu hafifu, ambayo Wagullah waliamini huzuia pepo wabaya. Angalieni pia vyuma vya duara au nyota kwenye kuta: ni vichwa vya fito ndefu za chuma zinazozuia kuta zisifunguke, vingi vikiwa vimewekwa baada ya tetemeko la 31 Agosti 1886. Na mkipita karibu na ukuta wa matofali ya zamani, usogeeni. Kwenye baadhi ya matofali ya mji huu kuna alama za vidole vya watumwa walioyafyatua, vingine vidogo mno, vya watoto. Wekeni kidole mpimane.

Rainbow Row ni nyumba 13 za rangi zilizoungana, na mtazikuta zimezungukwa na watu. Pigeni picha, mpite. Zilisalimika kwa sababu baada ya vita mji ulikuwa maskini kiasi cha kushindwa kubomoa na kujenga upya, na mwaka 1931 ukatunga sheria ya kulinda mtaa mzima wa kale, ya kwanza ya aina yake Marekani.

Mimi huwa na haraka ya kufika mbele kidogo, karibu na namba 40 East Bay, penye bango la kumbukumbu ambalo wengi hulipita bila kulitazama. Linahusu meli ya mvuke Planter. Kama nyinyi ni mke na mume, lisomeni pamoja.

Robert Smalls alikuwa mtumwa wa miaka 23 na mshika usukani wa meli hiyo, iliyokuwa ikibebea mizinga jeshi la Kusini. Mkewe Hannah naye alikuwa mtumwa, akifanya kazi hotelini. Smalls alikuwa amepatana na mwenye mkewe amnunue yeye na binti yao kwa dola 800, na hakuwa amefika popote katika kuzikusanya. Usiku wa kuamkia 13 Mei 1862 maofisa weupe walilala nchi kavu. Smalls na wenzake wakawasha moto, wakang'oa meli gatini mbele ya makao makuu ya kijeshi, wakasogea kwenye gati jingine kuwachukua Hannah, watoto na wengine waliokuwa wakisubiri gizani. Wote walikuwa watu 16. Smalls akavaa kofia ya majani ya nahodha, akasimama kama nahodha alivyosimama, akapiga honi ya ishara kila walipopita ngome, hadi Fort Sumter yenyewe, na kila ngome ikawaruhusu. Walipotoka nje ya mizinga wakashusha bendera na kupandisha shuka jeupe. Manowari ya Kaskazini ilikuwa imeshajiandaa kuwapiga ilipoliona.

Baadaye Smalls akawa mbunge katika Bunge la Marekani, akanunua nyumba ya Beaufort ambako aliwahi kuwa mtumwa.

Tembeeni hatua chache hadi kwenye ukuta wa Battery, pale mito miwili inapokutana. Tazameni mbele: kijistari kile cha chini majini ni Fort Sumter. Pimeni umbali kwa macho, mfikirie meli yenye watoto ndani ikienda taratibu kwa makusudi ili isitiliwe shaka. Kisha pumzikeni chini ya mialoni ya White Point Garden, kuna kivuli cha kutosha.

Hatua ya 8: Jioni na kurudi

Mkiwa mmechoka, rudini kwa njia ya maji hadi Waterfront Park. Kwenye gati lake kuna bembea za watu wawili wawili zilizotazama bandari. Foleni huwa ndefu jua likikaribia kuzama, kwa hiyo mkikuta iliyo tupu saa kumi na moja, kaeni. Basi la DASH litawarudisha karibu na gari.

Mkiwa bado na nguvu, chukueni gari mvuke daraja la Arthur Ravenel mpaka Mount Pleasant, mwegeshe kwenye bustani iliyo chini ya daraja, kisha mpande kwa miguu kwenye njia ya wapita njia. Si lazima mfike ng'ambo. Daraja lina urefu wa kama kilomita 4. Nusu ya kupanda inatosha kuona rasi yote, makanisa, kreni za bandari na bahari. Upepo wa juu ni mkali, mama afunge mtandio vizuri. Kina mama wa vikapu nao huwa na banda kwenye bustani hiyo, kama mlishindwa kuamua sokoni.

Kutoka Mount Pleasant shikeni I-526 mpaka I-26, hamtalazimika kuingia tena mjini. Msiondoke kabla ya saa moja usiku, foleni ya watu wa kazini iwe imepungua. Jazeni mafuta kabla ya kutoka, maana sehemu ya katikati ya njia ina vituo vya kuhesabu. Badilishaneni usukani Orangeburg, mkiwa mmeshapita nusu ya njia ya kwenda Columbia. Wanaorudi Savannah kwa barabara ya 17 wapunguze mwendo penye msitu: kulungu hukatiza barabara usiku, na mara nyingi anayefuata wa kwanza ndiye anayegongwa.